Usivichukue Vitini vya Kaka Yako

Kabula, ng'wana wane,

Mwadila. Naandika nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya saruji iliyopasuka, nje ya ghala, Jumapili mchana. Leo si zamu yangu ya kupakia. Lori la Ngassa linaondoka Dar es Salaam kesho alfajiri kuja huko Bariadi, naye ameahidi kuifikisha barua hii Somanda na kukukabidhi wewe mwenyewe kabla hujapanda basi la Mwanza. Safari njema ningeweza kukutakia kwa simu ya kibandani. Haya mengine hayasemeki huku mwenye simu akitazama saa yake.

Ya chakula, ya nauli, ya wanaume na ya kumsalimu shangazi yako utakapofika, mama yako atakwambia, tena atayarudia mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu. Uliniandikia kwa furaha kwamba kaka yako Masanja atakuja kutoka Bukundi kukuaga, na kwamba atakuletea vile vitini vyake vya chuo ili uanzie hapo kujifunza kutengeneza kurasa za intaneti. Ukasema amevitunza ndani ya nailoni miaka yote, na hakuna hata ukurasa uliokunjika.

Usivichukue.

Najua unampenda. Najua Jumapili akija Somanda mnakaa nyuma ya nyumba, yeye anasoma, wewe unarudia. Ndiyo maana naandika sasa, ukiwa bado na usiku mmoja wa kunikasirikia kabla hajafika.

Nikueleze kwa kitu ninachokijua. Nilipokuwa kijana Bukundi, kabla sijamwoa mama yako, nilipewa dume mchanga nimfundishe kulima. Unajua desturi yetu: mchanga hafungwi nira na mchanga mwenzake, maana watapasua plau na mguu wako pamoja. Anafungwa na mzee anayejua, naye anajifunza kwa kuvutwa. Nyumbani kulikuwa na maksai wawili wazee. Mmoja alikuwa mdogo, pembe imevunjika, ngozi kama gunia. Mwingine tulimwita Waziri. Mrefu, mweusi, pembe zake watu walisimama njiani kuzitazama. Waziri alilima vizuri sana, ila alikuwa na tabia moja. Akifika karibu na kichuguu kilichokuwa katikati ya shamba letu, alilala. Alilala chini kabisa, na mtu ukasubiri mpaka apende kuinuka.

Majirani waliniambia nimfunge mchanga na yule wa pembe mbovu. Nikamfunga na Waziri. Niliona aibu kupita njiani na yule mwingine.

Mchanga wangu alijifunza upesi. Alinyooka kama uzi. Na alipofika kwenye kichuguu, alilala. Waziri akazeeka tukamla, mchanga akaendelea kulala pale pale, peke yake. Tulimpiga. Tulimsokota mkia. Mwisho tuliwasha majani makavu nyuma yake, mimi na ndugu zangu, naye akalia, akatutazama, akaungua, hakuinuka. Alikuwa anafanya alichofundishwa. Tulimpeleka mnadani akiwa bado na nguvu zote, na aliyemnunua alikuwa mchinjaji. Nimewahi kuwacheka watu wengi wajinga, lakini yule hakuwa mjinga. Alikuwa mwanafunzi mzuri.

Sasa nije kwa Masanja.

Wewe ulikuwa mdogo, pengine unakumbuka tai yake tu. Ruksa ilikuwa imefika kila mahali. Chama cha ushirika kilikuwa kimelala, wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wanagombana barabarani, wanachanganya pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la chini, gunia moja kwa sababu kila mmoja aliogopa mwenzake atamwahi. Na kama walivyokuja wanunuzi, ndivyo vilivyokuja vyuo. Chuo juu ya duka la nyama, chuo nyuma ya gereji. Mimi nilikuwa kuli kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kumchagulia mwanangu. Nilikwenda Mwanza na Masanja kutafuta chuo cha kompyuta. Tulipita vitatu. Kimoja mwalimu alikuwa amevaa kandambili, wanafunzi wamejazana kwenye mashine mbili zilizofunguliwa mgongo, nyaya nje, wanabishana kwa sauti. Nikamwambia Masanja twende, hapa ni sokoni. Cha mwisho kilikuwa na geti, ubao uliopakwa rangi mpya, na kila mwanafunzi na tai. Ndani palikuwa kimya. Nikasema hapa ndipo.

Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe anachagua dume kwa pembe mara moja katika maisha yake. Mimi nilichagua mara mbili.

Masanja alimaliza, akaleta cheti, mama yako akakitundika pale kilipo. Nami nikaenda kwa meneja wa kiwanda nikamwambia mwanangu anajua kutengeneza ukurasa wa intaneti, pamba yetu ionekane Ulaya. Sikuombwa. Nilijisifu tu. Meneja akasema haya, alete ujuzi wake, mashine ninayo.

Masanja alikuja na tai. Ofisini tulikuwa mimi, meneja, karani wa mizani na makuli wenzangu waliokuja kuchungulia dirishani. Akakaa, akaandika muda mrefu bila kutazama karatasi, maana alikuwa ameshika vitini vyote moyoni. Akafungua. Ukurasa ukatoka mweupe. Hakuna neno. Akarudi, akapitia, hakuona kosa, akafungua tena. Mweupe. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye tai.

Karani akasogea akainama mbele ya kioo kama anavyoinama mbele ya gunia. Akasema, "Pamba safi hii. Haina hata doa."

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Alinitazama mimi, akasema nimempotezea mchana wake. Msimu ulikuwa unaisha, na walikuwa wanapunguza watu. Nikaogopa, Kabula. Nikacheka kuliko wote, nikasema, "Safi wapi? Hii ni fifi. Nami ndiye niliyeilima."

Mengine unayajua. Hata watoto wa jirani wanayajua. Jina lilifika nyumbani kabla ya Masanja. Siku ya mnada watu wazima walimwita Fifi, naye akaitika mara ya kwanza kwa sababu alidhani wakichoka wataacha. Akaenda Bukundi kwa babu yako kuchunga, na jina likamfuata huko kama inzi. Mimi walinipunguza vilevile. Nilipokwenda kumuaga kabla ya kuja huku, alinipa maji kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akapiga goti kidogo, akarudi kwa ng'ombe. Hakunikosea adabu hata kidogo. Afadhali angenikosea.

Miaka hii yote niliamini mwanangu hana akili. Nilikuwa na huruma naye, kama mtu anavyomhurumia kilema, na niliona huruma hiyo inatosha.

Halafu wewe ukaandika kwamba unataka kujifunza kazi ile ile. Na ili nione unavyoendelea, ukaninakilia somo la kwanza la vitini kwa mwandiko wako, lile la kuandika "Karibuni Bariadi". Ukasema hujawahi kulijaribu kwenye mashine ila umeshalishika moyoni. Nilisoma maneno hayo nikiwa na mfuko begani, nikahisi mguu umekanyaga shimo ninalolijua.

Nikaamua safari hii nitazame kwato kwanza, si pembe.

Nilianza na vyuo, kwa sababu huku vipo vingi kuliko Mwanza. Niliingia kimoja nikitoka kazini. Binti wa mapokezi hakunyanyua kichwa, akasema, "Mzee, mizigo inashushwa mlango wa nyuma." Nikamwambia sina mzigo, nina mtoto. Nikamwomba anionyeshe kitu chochote kilichotengenezwa na mtu aliyeingia hapo hajui kitu. Akanipa karatasi inayong'aa yenye picha ya vijana wanacheka. Nikarudia swali. Akamwita mlinzi. Kwenye chuo kingine mwalimu alinipokea vizuri, akanitembeza mpaka kwenye chumba cha mashine. Zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyenye maua, kila moja na chake. Nikauliza wanafunzi wako wapi. Akasema wako kwenye nadharia, wakishaelewa ndipo watafunuliwa mashine. Nikashukuru nikatoka. Nilimwona Waziri amesimama pale na pembe zake.

Kisha nikaenda kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini kando ya barabara. Nilitaka kitabu cha kufundisha kurasa za intaneti. Kijana akanipa kinene, akasema, "Huu ni mzigo, mzee. Ukiubeba huu umebeba chuo kizima." Mimi ni mpagazi, nikaamini uzito. Sikutazama hata kilichapishwa lini. Kiko hapa, ndicho mto wangu. Kama mto hakina kosa.

Mtu aliyenifungua macho hakuwa na huruma nami, na usidhani alikuwa mwalimu. Anaitwa Rehema, anakaa kwenye intaneti kafe karibu na ghala letu. Watu wenye maduka humpa kazi ya kuwatengenezea kurasa. Nilipoingia mara ya kwanza alisema, "Msukuma, kwanza nawa mikono." Nilipoondoka kwenye mashine alifuta kila kitufe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikiwa bado nimesimama hapo. Amefanya hivyo kila Jumapili. Nimezoea.

Nilimwonyesha kile kitabu. Akafungua mwanzo, akafungua katikati, akanirudishia. "Hiki kinamfundisha mtu anayejua," akasema. "Na huyo anayejua, kimemchelewa. Siku hizi hatufanyi hivi."

Nikamwuliza yeye alijifunza kwa kitabu gani. Akasema hakuwa na kitabu. Kuna masomo ya bure ndani ya intaneti yenyewe, ya Kiingereza chepesi, anayasoma kidogo, anaandika mistari mitatu, anatazama imetoka nini, anaharibu kwa makusudi, anatengeneza. Halafu akanionyesha jambo ambalo kwenye vitini vya Masanja halimo, maana nimekuuliza nawe ukasema halimo: ukurasa wowote ulioko duniani unaweza kuufunua ukaona matumbo yake, jinsi mwenyewe alivyouandika. Ni kama kupewa nguo uitazame upande wa mshono. Akasema mwanafunzi asiyefanya hivyo anasikia tu habari za nguo.

Hapo nikatoa barua yako. Nikamwambia nataka kuandika hili.

Akataka kuniandikia, nikakataa. Vidole vyangu unavijua, saruji imevipasua, na Kiingereza sina. Nilitafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Nyuma yangu vijana wawili waliokuwa wanasubiri mashine wakaanza kunitania, mmoja akasema mzee anamwandikia mzungu barua ya posa. Nikaandika kila ulichoandika, vile vile ulivyokiandika. Nikafungua.

Mweupe, Kabula. Weupe ule ule. Nilikuwa sijauona tangu siku ile ofisini, nikautambua kama mtu anavyotambua uso.

Rehema akainama, akasoma, hakuchukua muda wa kumeza mate. Akasema kichwa cha ukurasa kimefunguliwa hakikufungwa. Kuna mstari unatakiwa kukifunga, nao haupo, kwa hiyo mashine inadhani kila kinachofuata bado ni kichwa, na haionyeshi kitu. Akaniandikia mstari huo kwenye kiganja, maana karatasi ilikuwa mbali, nikauingiza mahali pake. Nikafungua tena.

"Karibuni Bariadi."

Nilimwuliza mtu akikosa mstari huo, je, hana akili? Akasema, "Hapana. Aliyemfundisha hakuwahi kuujaribu ukurasa huo kwenye mashine."

Ndiyo habari yenyewe. Mwalimu yule mwenye tai alinakili ubaoni kutoka mahali fulani akaruka mstari, darasa zima likanakili kwa mwandiko mzuri, wakashika moyoni, wakajibu mtihani kwa karatasi, wakapewa vyeti. Mashine zilikuwa zimefunikwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona ule weupe mpaka alipokuwa mbele ya watu. Na wale wa kandambili, waliokuwa wanabishana kwenye mashine zilizofunguliwa mgongo, nadhani waliuona siku ya kwanza, wakacheka, wakajua.

Kwa hiyo utakapofika Mwanza, kila atakayekuletea kitabu, sidii, kozi au rafiki anayejua, usimwulize ni cha bei gani wala kina kurasa ngapi. Fungua uone kama siku ya kwanza kitakufanya uandike kitu ukione kwa macho yako. Tafuta mahali kinapokwambia ufanye nini ukiona ukurasa mweupe. Kama hakuna mahali hapo, aliyekiandika ama hajawahi kukosea ama anakuficha, na wote wawili hawakufai. Tazama ni cha lini. Na chukua kimoja tu, ukimalize. Usijaze vitabu kitandani kama baba yako. Mtu akijidai fundi, mwambie akuonyeshe alichotengeneza, na akikuitia mlinzi umeokoka mapema. Kiingereza chako ni kibovu, utateseka; teseka na somo dogo linalofanya kazi, si kubwa linalosifiwa.

Na usijidanganye kwamba wewe utavuka kwa kuwa ni mwepesi. Masanja ana akili kukuzidi. Nakwambia hivyo usinune. Alishika kitabu kizima moyoni, wewe hushiki hata maagizo ya dukani. Aliangushwa na kile alichoshika. Wewe ukiingia na vitini vile utalala kwenye kichuguu kile kile, na watu wa Mwanhuzi waliokuja kukuposa hawatakupa nafasi ya kujifunza mara mbili. Babu yako amekuachia mpaka pamba ivunwe. Ukirudi huwezi kutengeneza kitu, hatakuuliza ulisoma nini. Atakuonyesha ng'ombe zao wa mahari walioko zizini mwake.

Utasema basi nivichukue tu, baba, nisivitumie, nisimvunje moyo. Hapana. Nakujua. Usiku wa kwanza huko Mwanza utajisikia mpweke, utafungua nailoni, utaona mwandiko wake, utasoma ukurasa mmoja kwa ajili ya kumkumbuka. Mtu hujifunza zaidi kwa anayempenda kuliko kwa anayejua. Mimi nilimpenda Waziri. Tena Masanja atakuuliza kila mwezi umefika somo la ngapi, nawe utaanza kumdanganya, na nyumba yetu imeshashiba watu wanaohurumiana kwa uongo.

Kwa hiyo atakapokuja amevishika mikononi, mwambie hapana. Mwambie waziwazi, mbele yake, si kwa kuvisahau kitandani makusudi. Najua ninachokuomba. Hana kitu kingine cha kumpa mtu.

Habari ya ule mstari usimwambie. Hiyo ni yangu. Nitakuja mwenyewe msimu wa saruji ukipungua, nami sitamwambia zizini peke yetu. Nitampeleka Bariadi, nimtafute yule karani na makuli waliobaki, niseme mbele yao aliyekuwa fifi ni nani. Pengine atakataa kuja. Pengine atanipa maji kwa mikono miwili na kurudi kwa ng'ombe. Hilo nitalibeba, ndiyo kazi yangu kubeba.

Ila kwa sasa atakuuliza kwa nini. Atakuuliza taratibu, kama anavyouliza kila kitu tangu siku ile. Usimtajie vitabu wala masomo ya intaneti. Sema, "Baba amenikataza." Hatashangaa. Kunichukia mimi ameshajifunza, na ni somo analolijua vizuri. Kukuchukia wewe hajaanza, na sitaki aanze.

Baba Masanja